Maziwa ya Ng'ombe wa Nadhiri

Mungu alininyima vingi, lakini sauti hakuninyima. Nilipokuwa mwinjilisti kijana huko Kihanga, watu walitoka vitongoji vya mbali kuja kunisikiliza, hata wale waliokuwa na makanisa karibu na milango yao. Elimu yangu ilikuwa ya kuombaomba. Nilichokuwa nacho ni koo lisilokauka na hasira kidogo, na hasira ukiitia kwenye mahubiri watu hudhani ni Roho. Mke wangu peke yake ndiye aliyejua tofauti. Tukiwa njiani kurudi nyumbani alikuwa akiniambia, "Leo ulihubiri kwa njaa," na mara nyingi alikuwa amepatia.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Kagera. Sabuni ilipatikana kwa kujuana, ladha ya sukari tulikuwa tumeisahau, na mwenye baiskeli aliitwa tajiri. Katika miaka hiyo hiyo mimi nilikuwa nikihubiri dhidi ya mali. Nikikumbuka sasa najionea aibu na kucheka kwa pamoja, maana sijui nilikuwa nawakanya akina nani. Mbele yangu walikaa watu wenye kitenge kimoja cha kanisani, nami nawaeleza habari za nondo na kutu na hazina isiyooza, mpaka mtu mwenye jembe moja anajihisi ana dhambi ya kulipenda jembe lake.

Nisidanganye uzeeni. Kanisa la mtaa wetu lilikuwa la nyasi, na masika yakija tulikuwa tunasogeza madhabahu mara mbili katika ibada moja. Nilitaka mabati. Nadhani mwaka ule niliyataka mabati kuliko nilivyotaka watu waokoke. Kwa hiyo, Jumapili tatu kabla ya Sikukuu ya Mavuno, nilichagua habari ya yule mume na mke katika Maandiko waliouza shamba lao, wakapatana kuficha sehemu ya fedha, wakaileta iliyobaki kana kwamba ndiyo yote, na wakaanguka wakafa miguuni pa mitume. Sikuihubiri tu, niliicheza. Nilijibwaga sakafuni kwenye udongo nikiwa na kanzu yangu nyeupe ili waone jinsi yule mume alivyoanguka. Mtoto mmoja alilia kwa hofu, nami moyoni nilifurahi.

Kwenye benchi la wanawake, siku ile, alikuwepo mama mmoja mjane. Watu wake walitoka Rwanda zamani wakiwa na mifugo, lakini mifugo iliisha mmoja mmoja, kwa magonjwa, kwa mahari, kwa kuuguza mumewe, mpaka akabaki na ng'ombe jike mmoja mwekundu wa pembe ndefu. Alikuwa na kibanja kidogo cha migomba na kahawa, na mjukuu wa kike wa miaka miwili. Binti yake alifariki akimzaa mtoto huyo. Yule ng'ombe ndiye aliyemlea, maana hakukuwa na ziwa jingine. Nyumba nzima, bibi na mjukuu na migomba yenyewe, ilikuwa inaishi kwa ng'ombe yule mmoja: maziwa yake mtotoni, samadi yake shambani.

Ijumaa kabla ya sikukuu alinikuta napalilia maharage nyuma ya nyumba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akakaa chini kwenye majani kama mtu aliyechoka safari, ingawa kwake hakukuwa mbali. Akanieleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Siku binti yake alipokufa alimwambia Mungu: ukiniachia huyu mdogo, nitakupa ng'ombe. Mungu alimwachia. Yeye akawa anasema mwezi ujao, mtoto akiota meno, mtoto akianza kutembea, na sasa mtoto alikuwa anakimbia na ng'ombe bado yuko zizini. Tangu mahubiri yangu usingizi ulikuwa umemkimbia.

"Mwinjilisti," akaniuliza, "kuchelewesha na kuficha ni kitu kimoja?"

Swali hilo lilikuwa na jibu, na jibu nilikuwa nalo. Lakini niliona mabati. Nikamwambia Mungu humpenda anayetoa kwa moyo mweupe, nikamwombea, naye akaondoka amenyooka mgongo.

Nilikuwa na sababu ya kujituliza, na ni haki niiseme. Katika mtaa wetu, vitu vya Mavuno vilinadiwa nje ya kanisa baada ya ibada: mikungu ya ndizi, kuku, maharage, kahawa. Na kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote ila kila mtu aliijua. Maskini akileta kitu kikubwa kumzidi uwezo wake, mwenye nacho hukinunua, halafu mbele ya watu wote humrudishia mwenyewe. Kanisa limepata, maskini ametoa na kitu chake amekipata, tajiri amepigiwa makofi, na wote mnarudi nyumbani mmefurahi. Nilikuwa nimeona mbuzi wa mzee mmoja akirudi nyumbani hivyo, na cherehani ya mama fulani. Sikumweleza mjane habari hiyo, kwa sababu ukimwambia mtu kwamba sadaka yake itarudi si sadaka tena. Nilijiona nimepanga vizuri, Mungu apate, yeye apate na mimi nipate.

Jumapili ng'ombe alifungwa kwenye mti wa mkaratusi, ameoshwa, pembe zinang'aa. Mzee wa kanisa aliyekuwa mnadi alianza, watu wakapandishiana bei, na mwisho akabaki mfanyabiashara mmoja, Mhaya wa Muleba, aliyekuwa amefungua duka la chumvi na nguo na kununua kahawa. Alikuwa na miezi miwili tu kwetu, mtu mkarimu, mwenye kicheko cha karibu. Alipomshinda kila mtu nilishusha pumzi. Nikaanza hata kuwaza wimbo utakaofuata.

Akanyoosha mkono kuomba utulivu. Akasema kwao, kitu kizuri kuliko vyote vya Mavuno hupewa mtumishi wa Mungu. "Ng'ombe huyu nampa mwinjilisti wetu," akasema, "watoto wake wanywe maziwa."

Vigelegele vililipuka. Yule mjane alipiga kuwashinda wote.

Kulikuwa na sentensi moja ya kusema pale. Naijua mpaka leo, nimeisema nikioga, nimeisema nikiwa peke yangu njiani, haina hata maneno kumi. Lakini mgeni alikuwa ametoa mbele ya kusanyiko, na kumsahihisha hadharani kungekuwa kumvua nguo. Kamba nayo ilikuwa imeshawekwa mkononi mwangu. Nikasema asante. Nilimtafuta mke wangu kwa macho, nikamkuta anatazama chini.

Sikula chakula cha mchana. Nilimswaga ng'ombe moja kwa moja mpaka kwa mjane, au tuseme yeye ndiye aliyenikokota, kwa sababu njia aliijua. Tulipoikaribia migomba ya kwao ng'ombe alilia, na kutoka ndani mtoto akaitikia kwa kelele za furaha. Mjane alitoka amembeba mgongoni. Alipotuona alikimbia, nikadhani anakuja kutupokea. Alichuma kijiti ua wake ulipoanzia, akampiga ng'ombe puani akamgeuza.

"Mwanangu, usiniulie mtoto," akasema. "Nikimpokea huyu, Mungu atamchukua yule. Wewe mwenyewe ulituonyesha walivyoanguka."

Nilisema yote niliyoyajua. Kwamba Mungu si mchuuzi. Kwamba mtoto anaishi kwa neema, hakulipiwa na hadaiwi. Kwamba mimi ndimi ninayempa sasa, kama jirani. Alinisikiliza kwa adabu kubwa, kichwa ameinamisha kidogo, kama mtu anavyomsikiliza kijana aliyechoka. Nilipomaliza alijibu kwa upole, "Jumapili ile hukusema hivyo."

Tulirudi, ng'ombe akilia njia nzima. Watu waliokuwa barabarani walinipongeza kwa baraka niliyoipata.

Mfanyabiashara nilimfuata dukani siku iliyofuata. Nilipomweleza alikaa juu ya gunia, akashika kichwa. Kwao ndivyo walivyofanya, akasema, na hakuna aliyemwambia. Alikwenda mwenyewe kwa mjane na kipande cha kitambaa, akarudi na kitambaa chake. Mchungaji naye, nilipomwendea, aliniambia nadhiri ya mtu na Mungu wake tusiishike kwa mikono yetu. Kwake yalikuwa maneno ya busara. Mimi nilitoka pale najiona kama mtu aliyechoma nyumba ya jirani halafu akaambiwa asiukaribie moto.

Basi ng'ombe akawa wetu. Kabla ya Krismasi kanisa liliezekwa, na mpaka leo mvua ikinyesha juu ya mabati yale hakuna anayemsikia mhubiri. Kibanja chetu, kilichokuwa kimenyong'onyea, kilipata samadi, mikungu ikanenepa. Watoto wangu watatu walifutuka mashavu. Nilipompelekea mjane maziwa kwenye kibuyu alikataa. Ng'ombe akiwa wa Mungu, akasema, na maziwa ni ya Mungu. Mtoto alikuwa ananyweshwa uji wa mtama na kula ndizi na maharage kama sisi wote, na kwa mtoto aliyezoea maziwa tangu kuzaliwa haukupita muda nywele zikaanza kuwa nyepesi na kugeuka rangi. Nilikuwa nikimwona kanisani, anasinzia kwenye goti la bibi yake wakati nahubiri. Nilijaribu kuibomoa hofu niliyoijenga. Nilihubiri neema Jumapili nne mfululizo, kwa sauti ya chini, bila kujibwaga popote. Mjane aliniambia lilikuwa neno zuri sana. Ila na lile jingine, akasema, limeandikwa.

Mke wangu hakuwa mtu wa mahubiri. Siku moja alimwomba mjane amwache mtoto aje acheze na binti yetu wa mwisho wakati yeye analima, na mjane, aliyekuwa hana wa kumwachia, alifurahi. Baada ya wiki hivi ndipo mke wangu aliponiambia, akiwa anasafisha sufuria na hanitazami, kwamba mtoto yule anapata maziwa kwetu kila siku, yamechanganywa kwenye uji. Nilihisi raha ambayo sikuwa nimeihisi tangu Mavuno, nikatoka nje nikakata majani mengi ya ng'ombe kuliko alivyohitaji.

Nywele za mtoto zikarudi nyeusi. Kwenye ushirika wa waliookoka, mjane alisimama akashuhudia: alimtolea Mungu ng'ombe, na tazameni, mjukuu wake ananenepa kwa uji wa mtama mtupu. Watu wakasifu. Walisema kumbe mwinjilisti wetu alisema kweli, ukiweka mbinguni hupungukiwi duniani. Na mimi niko mbele, nimekaa kwenye kiti changu, nasema amina. Mahubiri yangu yalikuwa yamesimama imara kwa sababu mke wangu alikuwa anayashikilia kwa kibuyu. Ndipo nikaiona vizuri picha yetu. Mume na mke wamepatana kuficha, na wanajua wote wawili. Nilicheka peke yangu pale kitini, mzee wa kanisa akanigeukia akidhani nimejaa furaha ya Bwana.

Njia ya mwongo ni fupi, na ikipita kinywani mwa mtoto wa miaka miwili na nusu inakuwa fupi zaidi. Asubuhi moja mjane alimpa uji wake wa nyumbani, mtoto akausukuma, akadai amata, na mkono akaunyoosha upande wa kwetu. Amata ni maziwa, kwa lugha yao na kwa Kinyambo chetu, na mtoto alikuwa akilitamka neno hilo tangu alipoanza kusema. Mjane alikuja kabla umande haujakauka. Hakukaa.

"Tangu lini?" akauliza.

Mke wangu alimwambia ukweli. Mjane alihesabu miezi kwenye vidole vyake, midomo inacheza, akafika vidole vinne, akamfunga mtoto mgongoni akaenda. Hakutukana wala hakuaga, na mtoto hakurudi tena kwetu.

Mvua za vuli zilikuja na surua. Iliingia kila nyumba. Wangu watatu waliugua, macho mekundu, miili inawaka, kisha mmoja baada ya mwingine wakaamka wakaomba chakula. Niliposikia kwamba kwa mjane mambo si mazuri nilikwenda nikamkuta amekaa mkekani, mtoto mapajani, mlango wazi. Hakuwa amempeleka hospitali wala kumwita mtu. Alikuwa amemvisha gauni safi. Alikuwa anangoja tu, kama anayejua mwenye mali yuko njiani anakuja kuchukua chake.

Hasira yangu yote, ile niliyokuwa nikiipeleka kanisani, ilinijia. Nilimfokea yule mama mtu mzima nyumbani kwake, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Nikampandisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya kuazima, mtoto kifuani mwake chini ya kanga mbili, nikasukuma kwenye matope mpaka hospitali ya Nyakahanga. Milimani magurudumu yalikataa kuzunguka, nikawa nasimama kuchokoa udongo kwa kijiti huku mvua inatupiga. Njia yote ile nilikuwa naomba. Nilimwambia Mungu kwamba kama anataka cha kuchukua nyumbani kwangu kipo, ng'ombe amefungwa nje, na maziwa yake na samadi yake. Sikuweza hata kucheka kwamba na mimi sasa nilikuwa naweka nadhiri ya ng'ombe yule yule.

Wauguzi walitupokea vizuri, wakafanya kila walichoweza. Walimtundikia maji, wakamsafisha kinywa chenye vidonda, hawakumwacha. Alifariki asubuhi ya pili. Muuguzi mmoja, dada wa makamo, alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya kunifariji kwamba surua huwamaliza wale ambao mwili hauna akiba. Angekuwa na nguvu kidogo tu, akasema, pengine. Mjane alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, anakunja zile kanga mbili. Sijui kama alisikia.

Tulimzika kwenye kibanja cha bibi yake, kati ya migomba iliyokuwa imeanza kulala kwa kukosa samadi. Mchungaji aliongoza. Mimi niliombwa kuimbisha, na sauti ile ambayo Mungu hakuninyima haikutoka.

Siku ya nne, jua likiwa linakwenda kuzama, wakati wa kukamua, mjane alikuja kwetu. Tulimpa kigoda, safari hii akakaa. Alikuwa amevaa vizuri, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna iliyonitisha. Tulingoja atupige, atulaani, aseme lolote.

"Nimekuja kuwasamehe," akasema. "Mlimpa cha Mungu mkidhani mnamsaidia. Hamkujua. Mimi nimewasamehe, na nimemwomba Mungu naye awasamehe."

Nilikuwa na mambo ya kumwambia, na yote yalikuwa ya kweli. Kwamba ilikuwa surua. Kwamba maziwa yale ndiyo kitu pekee chema tulichomfanyia, na yasingekatika pengine mtoto angekuwa anacheza pale uani na binti yetu. Kwamba hakuna aliyekuja kuchukua chake. Alikuwepo tu mhubiri mwenye sauti aliyetaka mabati. Halafu nikamtazama. Ng'ombe hana, mtoto hana, migomba inaanguka. Nikimwambia ilikuwa surua, mtoto wake atakuwa amekufa bure, na ng'ombe atakuwa ametoka bure. Kwa jinsi alivyoamini yeye, alijua kwa nini, na alikuwa na watu wa kuwasamehe. Ndiyo mali iliyokuwa imebaki nyumbani kwake, na alikuwa ametembea nayo njia nzima kuja kutupa sisi.

Sikuwa na uwezo wa kumsaidia kwa lolote ila kuipokea. Nilipiga magoti mbele yake, mimi mwanamume, mwinjilisti, nikasema, "Asante, mama." Akaweka mkono wake kichwani pangu. Ulikuwa mkavu na mwepesi.

Mke wangu hakupiga magoti. Alisimama hapo mlangoni anatutazama sisi wawili. Kisha akachukua chombo cha kukamulia, akatoka nje, na kutoka pale sakafuni nikasikia maziwa yanaanza kugonga kitako cha chombo.